Pampu ya Bi. Eliwaza

Felista Ntandu aliikwangua ile pampu kwa ncha ya jiwe kali, mstari mfupi tu ubavuni, kisha akaiweka juu ya mkeka karibu na mlango palipokuwa na mwanga, akakaa kuitazama.

"Sasa tunangoja nini?" aliuliza Bi. Eliwaza, mwenye nyumba.

"Tunangoja tuone kama kidonda kitafumba, mama."

Bi. Eliwaza hakuuliza tena. Hakuna mtu pale Kiomboi, wala mahali pengine nchini, asiyejua chuma kinavyofumba. Ukikwaruza sufuria, ukivunja jino la gia, unakiacha tu chenyewe. Mkwaruzo hufumba kwa saa chache, jino kwa siku chache, kikawa kimejirudi kama ngozi ya mtoto. Ndiyo maana kiliitwa chuma hai. Kilipokuja, viwanda vya vipuri vilifungwa, maduka ya spea yakageuka saluni na maduka ya vitenge, na mafundi wakatafuta kazi nyingine. Gari lilipona lenyewe. Lilihitaji chakula tu, na chakula cha chuma hai kilikuwa chuma cha zamani, kile kisichopona, ambacho watu walizoea kukiita mfu. Vikigusana kwa muda, mfu huliwa, na mahali pake huota hai. Majembe yakaliwa, reli zikaliwa, injini za mababu zikaliwa, na wenye mali wakafurahi kwa sababu kilichoota hakikuwa na kutu.

Kazi ya Felista ilikuwa kutafuta masalia. Walikuwepo bado watu wachache waliotunza magari ya kale, magari yaliyoungwa kwa vipuri vyake vya asili tangu yalipotoka kiwandani, nao walimtegemea yeye. Alizunguka vijijini akiuliza misibani, makanisani, kwenye vibanda vya kuku. Pampu hii ya breki alikuwa ameitafuta kwa miaka mingi. Ilitoka kwenye lori la aina ambayo baadaye ilinakiliwa kutengenezea mabasi yote yanayopita leo, na yeye alikuwa hajawahi kuiona ya asili hata moja.

Saa zikapita, mkwaruzo ulibaki ulivyo. Felista alipitisha kucha juu yake, ikakwama kidogo. Akahisi machozi yanamlenga.

"Ni mfu," alisema. "Mama, ni mfu kabisa. Mmeitunzaje?"

"Mume wangu aliipaka grisi, akaifunga kwa kitambaa cha nta, akaitia kwenye chungu, chungu akakizika ndani ya alizeti. Wale watu wa Shirika la Chuma Hai walipokuja kukusanya vyuma waliitafuta nyumba nzima. Walimpiga makofi hapo ulipokaa. Hakusema." Bi. Eliwaza alikikunja kile kitambaa cha nta. "Aliniambia lori lake lilimshusha mlima Sekenke ujana wake wote bila kumdanganya, kwa hiyo hawezi kulitupia walafi. Mimi sitaki chochote kwako, mwanangu. Nataka neno moja tu. Isiliwe."

"Haitaliwa, mama."

Bi. Eliwaza aliinuka ili amwekee uji. Felista alimwona akihangaika na mfuniko wa sufuria, akiugeuza huku na huku.

"Haufuniki siku hizi," mama yule alisema. "Mdomo wa sufuria umeingia ndani. Nadhani uzee wa macho yangu."

Felista aliishika ile sufuria, akapima mdomo wake kwa kiganja. Haukuwa uzee wa macho. Aliirudisha mekoni, akauegemeza mfuniko ukutani.

*

Aliifunga pampu katika kitambaa kile kile, akaitia kwenye kikapu cha ukindu, akaondoka na pikapu yake, Pijo ya kale ambayo kila nati yake aliijua. Ghala lake lilikuwa bondeni, kwenye andaki la mgodi uliokufa chini ya mlima Sekenke, na ili kufika huko ilibidi ashuke kona zote za mlima.

Katikati ya mteremko alikuta watu wamesimama barabarani. Ukingo wa barabara ulikuwa umemeguka. Chini yake, kati ya mawe, basi lilikuwa limelala ubavu, na lilikuwa bado linatoa mvuke.

Waliotolewa walilazwa kwenye majani, wengine wamefunikwa vitenge usoni. Kondakta, mama mtu mzima aliyekuwa anatoka damu kwenye paji la uso, alimshika Felista mkono kana kwamba wanafahamiana.

"Dereva alikanyaga breki mpaka mguu ukagota," alisema. "Nilimwona. Alikanyaga kwa miguu yote miwili. Hazikushika, dada yangu. Aliniangalia tu."

"Basi lilikuwa bovu?"

"Bovu vipi? Lilikuwa zima! Lote hai!"

Wakati wanaume wakipakia majeruhi kwenye pikapu, Felista aliteremka kwenye mawe hadi lilipolala basi. Sakafu ilikuwa imepasuka na pampu ya breki ilionekana wazi. Hakuigusa. Aliinama tu akaitazama. Pistoni, inayotakiwa kuteleza ndani ya nyumba yake, ilikuwa imeungana nayo, kitu kimoja, kama mfupa uliounga vibaya. Hapakuwa na ufa wala kutu. Chuma kilikuwa kimepona, ila kimepona kikawa kitu kingine.

Aliwapeleka majeruhi hospitali ya Igunga. Njiani kijana mmoja aliyelala nyuma alikuwa akiimba polepole, na walipofika alikuwa amenyamaza, na mama yake aliyekaa naye alikataa kushuka.

*

Ombeni Kitundu alikuja ghalani kesho yake asubuhi. Felista alimtarajia. Walisoma darasa moja chuoni Arusha, wakijifunza tabia za metali. Felista akaenda kwenye masalia, Ombeni akaenda kwenye Shirika la Chuma Hai akawa mhandisi wao mkuu wa kanda. Hawakuwahi kugombana. Waliacha tu kutembeleana.

Mlangoni mwa andaki palikuwa na kigoda ambapo mgeni huvua saa, mkanda, pete, hata vifungo vya suruali. Ndani rafu zilikuwa za mbao na bawaba za ngozi, na hapakuwa na hata punje ya chuma hai. Lakini Ombeni hakuweza kuingia hata akivua kila kitu. Alivunjika mguu zamani na mfupa wake ulifungwa kwa bamba la hai. Akakaa kwenye kigoda, na Felista akakaa upande wa ndani wa kizingiti.

"Pole na safari," Felista alisema. "Unachechemea."

"Unaniuma kidogo." Aliusugua muundi. "Dada Felista, sitakuzungusha. Unalijua tatizo?"

"Niliona pampu ya lile basi. Na nimeona sufuria ya mtu."

"Basi unalijua. Chuma hai hakina ramani. Kinakumbuka umbo kwa sababu kiliwahi kula umbo. Pampu ya kwanza ililishwa ya asili, ya pili ikaota kutoka kwa ya kwanza, ya tatu kutoka kwa ya pili. Kama fotokopi ya fotokopi. Kila kikipona, kinakosea kidogo. Zamani kosa lilikuwa dogo kuliko unywele. Sasa makosa yamekutana."

"Wekeni michoro. Vipimo vyote mnavyo."

"Hakisomi michoro. Kinajua kula tu."

Kutoka barabarani, mbali, ukasikika muungurumo wa basi likianza kupanda mlima.

"Unaitaka pampu," Felista alisema.

"Nimesikia umeipata. Tukiilisha, tutapata chachu. Kila gereji itapewa kipande, itagusisha kwenye pampu za mabasi, zitakumbuka upya. Wiki hii hii, Felista. Mabasi ya kanda nzima."

"Yatakumbuka kwa muda gani?"

Ombeni alitazama viatu vyake. Alikuwa mtu asiyejua kudanganya, na Felista alimpendea hilo tangu ujana wao.

"Mara ya kwanza ilikaa miaka," alisema. "Iringa tulilisha ekseli ya asili mwaka jana. Haikufika hata mvua zilizofuata. Kila tunapokifundisha upya, kinasahau haraka zaidi. Sijui kwa nini."

"Na baada ya hapo hakuna nyingine. Unanielewa? Hii ndiyo pampu pekee duniani inayojua pampu inafananaje. Nikikupa, na ninyi mkasahau, hakuna atakayeweza kutengeneza tena. Nikibaki nayo, naweza kukereza mpya kwa chuma mfu. Polepole. Moja moja."

"Kwa mashine ipi? Mashine zote za kukereza ni hai. Utakachokata kitaambukizwa."

"Ile iliyo kwenye ukumbi wa Shirika, Dodoma. Ile ya maonyesho, ndani ya kioo. Ile ni mfu. Nipeni ile."

Ombeni akafikiri. "Utamaliza lini kukereza pampu za mabasi yote?"

Jibu wote wawili walilijua. Asingemaliza akiwa hai.

"Basi simamisheni mabasi," Felista alisema. "Fungeni mlima mpaka nitakapokuwa tayari."

"Niliomba. Niliandika, nikaenda mwenyewe, nikapiga magoti ofisini kwa mtu. Wakaniambia chakula cha Shinyanga na Mwanza kinapita hapa. Hawafungi." Aliinua macho. "Sheria inaniruhusu kuichukua. Sikuja na polisi, umeona. Nimekuja kukuomba. Lile basi unalolisikia linapanda sasa, na jioni litashuka."

Felista aliingia ndani ya andaki. Alisimama mbele ya rafu za mbao, mahali alipozoea kupata utulivu: kabureta zimepangwa kwenye pamba, taa za mbele zenye vioo vyake vya asili, mishipa ya breki iliyofungwa kwa nyuzi za katani. Miaka yote alikuwa akijiambia kwamba anatunza vitu hivi kwa ajili ya watu. Sasa watu wamekuja kuvidai. Akaufikiria uso wa Bi. Eliwaza. Akamfikiria yule mama aliyekataa kushuka kwenye pikapu.

Alirudi na kikapu.

"Mashine ya Dodoma," alisema. "Niapie."

"Nakuapia."

*

Shirika lilimruhusu Felista awepo wakati wa kuilisha. Ilikuwa kwenye karakana ya mabasi, Igunga, mchana, madereva wamejaa madirishani. Katikati palikuwa na birika la zege lililojaa unga wa chuma hai, mweusi, laini kama masizi. Ombeni aliichukua pampu kwa koleo la mbao na kuilaza juu.

Mwanzoni haikutokea kitu. Kisha unga ulianza kupanda. Ulipanda pande zote kwa pamoja, bila sauti, ukajaa kwenye matundu ya bolti, ukaingia kwenye mdomo wa silinda. Felista aliuona ule mkwaruzo wake, mstari mfupi ubavuni, ukizibwa. Ule weusi ulipofunika kila kitu ulitulia, kisha ukaanza kutetemeka. Madereva walipiga makofi. Mmoja wao akasema kwa sauti kwamba kumbe kina njaa.

Ombeni hakupiga makofi. Felista alimwona ameegemea ukuta, jasho linamtoka, mkono ameukaza kwenye muundi.

"Nini?" alimnong'oneza.

"Hakuna. Bamba limeusikia mlo tu."

"Limeusikiaje?"

Ombeni aligeuzia uso birika.

Kwa haki lazima isemwe kwamba ilifanya kazi. Chachu ilisambazwa, pampu zikakumbuka, mabasi yakashuka Sekenke yakiwa yanashika breki kwenye kila kona. Madereva walipopita jirani na ghala walimpigia Felista honi za shukrani. Mmoja alimletea mbuzi.

Alikwenda Kiomboi kumwambia Bi. Eliwaza mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu. Alimwamkia, akakaa kwenye mkeka, akasema yote bila kupunguza.

Mama yule alisikiliza mpaka mwisho akichambua choroko.

"Wajukuu zangu wanapanda mabasi hayo," alisema hatimaye. "Kwa hiyo siwezi kukulaani. Lakini usiniambie umefanya vyema. Kile kitu hakikuwahi kupewa kikatosheka. Mume wangu hakuwa mjinga, Felista. Aliliona hilo kabla yenu."

Hakumwekea uji siku hiyo.

*

Mashine ya Dodoma haikuja. Felista alituma ujumbe, kisha akatuma mwingine. Mvua zikaanza, mto Wembere ukajaa tope, na mbuga yote chini ya mlima ikawa maji.

Asubuhi moja, mvua ikiwa imepumzika, aliona mtu anakuja kwa miguu kutoka upande wa mtoni, akiegemea fimbo. Alikuwa ameshafika karibu alipomtambua. Ombeni amekonda, suruali yake ina tope mpaka magotini, viatu amevining'iniza shingoni.

"Gari lako liko wapi?"

"Ng'ambo, nimelikingamisha njiani." Alijiachia kwenye kigoda kama mzigo. "Dada Felista, ile mashine waliilisha. Niligundua juzi. Walikuwa na mashine nyingine zinasahau kukata sawasawa, wakaona ni rahisi. Niliapa kwa kitu ambacho hakikuwa changu. Nisamehe."

Felista alitamani kupiga kelele, lakini kulikuwa na jambo katika uso wa yule mtu lililomzuia. Hakuwa amevuka mto kwa miguu ili kuleta habari ya mashine.

"Sema kilichokuleta."

"Breki zimeanza tena. Hilo ulilitegemea. Lakini..." Alilamba midomo. "Unakumbuka kule karakana, madereva walivyosema kina njaa? Tulidhani pampu imefundisha pampu. Imefundisha zaidi ya hapo. Chuma chote kimegusana na chuma, toka Igunga mpaka baharini. Reli, nguzo, mabomba. Umbo jipya limesafiri. Bolti za daraja la Wembere zimeanza kutoboka katikati. Zinajifanya silinda."

Felista alitazama upande wa mtoni.

"Zote?"

"Nilizozikagua. Nilishuka chini ya daraja nikaziona kwa macho yangu, zina matundu safi, laini, pampu ndogondogo. Nimewaambia ofisini. Wamesema nitafute bolti za asili, tulishe." Alicheka kicheko kikavu. "Daraja la asili nitalipata wapi, Felista? Nani alizika daraja kwenye alizeti?"

"Na wewe umevukaje?"

"Kwa miguu. Nilivua viatu nisikanyage kwa kishindo."

Felista hakuingia ghalani. Alikwenda moja kwa moja kwenye Pijo, akamfungulia Ombeni mlango. Ombeni alisita, akitazama mguu wake, kisha akautazama uso wa Felista, akapanda. Bamba la mguuni lilikuwa ndani ya nyama, lakini wote wawili walijua kwamba gari lile halitakuwa safi tena.

Kwenye maingilio ya daraja aliiweka pikapu kukingama, pua mpaka mkia, akafunga njia yote. Kisha akatoa jeki ya mbao na spana, akaanza kuyafungua magurudumu. Ombeni alimsaidia bila kuuliza. Waliyabingirisha moja baada ya jingine hadi kwenye tope la mto, na gari likakaa kwa tumbo barabarani, zito, lisiloweza kusukumwa.

Basi la kwanza lilitokea upande wa mlimani, limejaa watu wa mnadani na kuku wao. Dereva alipiga honi, akashuka, akaja akiwa amekunja ngumi.

"Wewe mama una wazimu? Toa hilo kopo!"

"Daraja limeoza. Hupiti."

"Limeoza vipi? Hai inaoza?"

"Hupiti, baba. Geuza."

"Nitalisukuma kwa basi, nakwambia!"

"Sukuma," Felista alisema, akapanda akakaa juu ya boneti. Alijua basi likiigusa tu Pijo, huo ndio mwisho wake. Kufikia Jumapili lisingebaki gari pale. Aliweka viganja vyake viwili kwenye bati lililopakwa rangi kwa mikono yake. "Utaanza na mimi."

Basi la pili lilifika, kisha malori. Watu walishuka, wakajaa, wakatukana. Mwanamke mmoja alilia kwamba ana mgonjwa Nzega. Mtu alirusha tope likampiga Felista shavuni, na Ombeni alipoinua fimbo wakamsukuma akaanguka. Dereva yule wa kwanza alikuwa amerudi kwenye usukani na basi lake lilikuwa linasogea, polepole, bampa likikaribia magoti ya Felista.

Ndipo ukasikika mlio kutoka darajani, mfupi na mzito, kama mtu amevunja muwa kwa goti. Kitu kikadondoka majini.

Basi likasimama. Watu wakageuza vichwa.

Kikadondoka kingine. Kisha, urefu wote wa daraja, kutoka ukingo hadi ukingo, chuma kikaanza kuvuta na kusukuma kama pistoni ndani ya matundu yake, kwa pamoja, kwa mpigo mmoja wa taratibu, kama kitu kinachojifunza kupumua. Hakuna aliyegusa honi tena. Mwanamke aliyekuwa na mgonjwa alimshika mkono mtu asiyemjua. Wakaanza kuondoka kinyumenyume, hatua kwa hatua, bila kuligeuzia daraja mgongo, na hata watoto hawakulia.